Ukoka wa Mwalimu

Mjomba wangu watu humwita Reki, na jina limemkaa. Ana miaka thelathini akitunza bustani za watu, na kwa ubishi hana mpinzani. Atakwambia ukweli usoni, kisha atashangaa kwa nini umenuna.

Mteja wake wa siku nyingi ni Mwalimu, mama mstaafu anayeishi peke yake tangu mumewe afariki. Ukoka wa mbele ya nyumba aliupanda marehemu kwa mkono wake. Mwalimu aliumwagilia maji kidogo kila jioni bila kukosa, na mbolea aliitia bila kupima. Ulaini wake ndio uliokuwa fahari yake: ukikanyaga, mguu unadidimia kama kwenye godoro.

Mwaka huu ukaanza kugeuka manjano. Mjomba akapiga magoti, akakata kipande kwa kisu, akamwonyesha. Juu palikuwa na majani, chini udongo mkavu, na katikati tabaka la kahawia, unene wa vidole viwili, la nyasi zilizokufa zikashikamana.

"Maji yako yanaishia hapa, Mwalimu. Tukiacha hivi, wote unakufa."

"Haya, fanya unavyojua," akasema, akaingia ndani.

Alipotoka saa sita, Mjomba alikuwa amekwangua uwanja mzima kwa reki ya chuma na kujaza magunia tisa. Kilichobaki kilikuwa udongo na vikonyo, kama kuku aliyenyonyolewa. Mwalimu akaangua kilio. Akamwambia aondoke na asirudi tena.

Nilimwambia Mjomba kosa lake: angemwandaa mapema kwa atakachokiona. Akanijibu nisimfundishe kazi. Lakini mwezi mzima, kila asubuhi, alizunguka njia ndefu ili achungulie juu ya ukuta wa Mwalimu.

Wiki ya tano Mwalimu akampigia simu. Nikampeleka kwa pikipiki yangu. Tulimkuta amesimama peku katikati ya ukoka, kijani kitupu hadi kwenye ngazi.

"Siku hizi ukoka ni mgumu, Reki."

"Ule ulaini ulikuwa nyasi zilizokufa, Mwalimu."

"Najua. Siku ile nililia kwa sababu niliona kama magunia yale yanamchukua mume wangu."

Mjomba akavua viatu, akaenda kusimama kando yake.