Injini ya Okoth

Mutuku aliendesha treni za mizigo kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu hakurudi Ukambani. Alipanga chumba Kilifi, nyuma ya nyumba ya Bi Ruwaida, akajipatia kazi ya kupoza moyo. Sokoni Malindi, kwenye vitu vya Wataliano waliohama, alinunua vichwa vya treni vya plastiki, urefu wa kiganja. Alivitoa rangi za Ulaya na kuvipaka za huku, kila kimoja kikawa injini aliyowahi kuiendesha.

Mwezi wa Machi alimjia Easter, mjane wa dereva mwenzake Okoth, kutoka Gongoni anakowapikia vibarua wa chumvi. Okoth alikufa mwaka wa tisini na saba, mvua ilipokula tuta chini ya reli na injini ikapinduka.

"Shemeji, nitengenezee ile yake," alisema. "Sina hata picha."

Mutuku alikubali. Alichagua kichwa cha kijani, akakilaza siku mbili katika kopo la mafuta ya breki, maana tina ya kuzimulia rangi ingeyeyusha plastiki. Rangi ilipovimba aliisugua kwa mswaki laini, kwenye matundu ya hewa na vipandio, mpaka ikabaki plastiki tupu ya kijivu. Alikiosha kwa sabuni, kikakauka, akapaka rangi ya damu ya mzee mara tatu, nyembamba nyembamba, kisha mstari wa manjano. Namba aliiandika mwisho. Hakuhitaji kumuuliza mtu namba ile.

Easter alikuja Jumapili, ametoka kanisani. Alipitisha kidole gumba kwenye madirisha.

"Alikaa upande huu?"

"Huo huo."

Mutuku alitazama sakafu. "Shemeji, safari ile ilikuwa yangu. Nilituma habari kwamba naumwa. Sikuwa naumwa. Binamu yangu alikuwa anaoa. Ndipo wakamwita Okoth."

Easter aliondoa kidole kwenye madirisha.

"Aliacha chai mezani," alisema. "Nilimwambia amalize kwanza, akasema mwenzake ni mgonjwa." Akaikunjua leso yake. "Na miaka yote hii unakuja kwangu, nakupakulia, unakula."

"Ndiyo."

Aliifunga injini ndani ya leso, akatoka. Bi Ruwaida, aliyekuwa uani akianua nguo, alimwamkua, hakuitikia.

Mutuku alipiga simu wiki nzima. Ilikuwa ikilia tu. Mwezi wa Juni alipanda matatu hadi Gongoni, na mwanamke aliyekuwa akichambua mchele mlangoni akamwambia Easter yumo ndani lakini hatoki. Alisimama pale juani mpaka adhuhuri, akarudi.

Brashi zake zimekauka na rangi, hakuziosha. Bi Ruwaida alipomuuliza mbona siku hizi hanunui tena vitreni, alimjibu kwamba macho yamechoka.