Nyigu wa Bwana Kesho

Katika karakana moja ya kushona sare za shule kulikuwa na mwanamke aliyekaa dirisha la nyuma, jicho moja kwenye sindano na jingine juu ya paa. Walimwita Bi Vifungo, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Shati likishakatwa, likashonwa na kutiwa kola, lilimfikia yeye atoboe vitundu na kutia vifungo. Na kwa kuwa alikuwa wa mwisho, uvivu wa wote waliomtangulia ulimwangukia yeye. Mteja akija akakuta shati halijawa tayari, aliambiwa, "Liko kwenye vifungo." Hilo alishalizoea. Nyigu ndio hakuwazoea.

Walijenga nje ya dirisha lake, pale bati linapokutana na ubao. Alipokiona kile kiota kwa mara ya kwanza kilikuwa hakizidi kifuniko cha chupa, na hakungoja hata amalize kitundu alichokuwa akitoboa. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenye karakana.

"Fundi, nyigu wanajenga pale juu yangu. Naomba watolewe wakiwa bado wachache."

"Kesho," alisema fundi, bila kuinua uso kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akikata.

Mtu huyu ni lazima umjue. Alikuwa fundi hasa, mkono mwepesi, jicho kali, akikupima kwa macho tu anakukadiria kiuno. Lakini neno "kesho" lilimkaa mdomoni pamoja na zile pini anazozibana kwa midomo akikata nguo. Kila mteja aliambiwa kesho. Kuna bwana harusi aliyeambiwa kesho mpaka akaoa kwa suti ya kuazima. Watu wakamwita Bwana Kesho, naye akaitika bila kinyongo, tena akicheka.

Basi kesho ya nyigu nayo ikawa kama kesho nyingine zote. Kiota kikakua, kikawa sawa na kiganja cha mtoto, kikawa sawa na cha mtu mzima, na kila Bi Vifungo alipokwenda kukumbusha alirudi na jibu lilelile. Akiomba ahamishwe dirisha, anaambiwa pale ndipo penye mwanga wa kutosha kwa vitundu. Akifunga dirisha, wenzake wanapiga kelele kwamba wanakufa kwa joto.

Hofu yake haikuwa ya kuchukia wadudu. Mwaka uliotangulia alikuwa kwa mama mkwe wake akianua nguo, na ndani ya mkunjo wa shuka alikuwamo nyigu mmoja. Alimchoma mkononi. Mtu mwingine angejisugua, akalaani, akaendelea kukunja. Yeye viganja vilianza kumwasha, mwili mzima ukatoka mabaka, midomo ikavimba, na pumzi ikawa inaingia kwa mluzi. Alianguka palepale penye kamba. Bahati yake jirani alikuwa na pikipiki, na hospitali haikuwa mbali.

"Sumu ya nyigu mmoja haimuui mtu," daktari alimweleza alipopata nafuu. "Wengi wanavimba pale walipochomwa, wanaumia, kesho yake wamesahau. Kwako tatizo ni mwili wako wenyewe unavyoipokea. Unapigana na ile sumu kupita kiasi, koo linafunga, presha inaanguka. Sasa sikiliza, usichomwe tena."

Usichomwe tena! Kana kwamba mara ya kwanza alikuwa ameomba.

Alipewa sindano iliyo kama kalamu, yenye dawa ya kujidunga mara tu akichomwa, akafundishwa namna ya kuitumia, akaambiwa aende nayo kila mahali hata chooni. Mumewe alimshonea kifuko chekundu ili isipotee mkobani, na hiyo ndiyo ilikuwa huruma yote aliyoipata nyumbani. Maana ukiwaambia watu kwamba nyigu anaweza kukuua, hawakuonei huruma, wanakumbuka ya kwao. Mama mkwe aliumwa na nge akiwa na mimba ya kitindamimba wake, na chakula akakipakua vilevile. Jirani alilala na tandu kitandani, paja likavimba likawa halivaliki nguo, mbona yupo? Shemeji yake aliumwa na buibui mguuni, pakatoka kidonda cha wiki nzima, hakwenda hata hospitali. Kila mtu alikuwa na mdudu wake, na kila mdudu alikuwa mkubwa kuliko nyigu. Bi Vifungo alikuwa akikaa katikati ya mazungumzo hayo amekunja mikono, hasira imemjaa mpaka machoni, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa akisema uongo.

Lakini aliyemmaliza kabisa ni wifi yake. Dada wa mumewe huyu alikuwa akishona kola katika karakana hiyohiyo, mashine yake mlangoni, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Alikuwa mchekeshaji wa kuzaliwa. Siku moja Bi Vifungo alifanya kosa la kuwaeleza wenzake jinsi kalamu ile inavyotumiwa, akiwasihi kwa moyo wote wajifunze, maana huenda siku hiyo mwenyewe asiweze. Walimsikiliza nusu nusu. Wifi peke yake ndiye aliyesikiliza neno kwa neno, na kesho yake, saa ya chai, akageuza maneno yale kuwa mchezo.

Alichukua kijiti cha chaki akakishika ngumini. Akajikaza uso kama daktari, akatoa sauti ya puani. "Kifuniko, nje! Kidole usiweke mwisho, utajidunga mwenyewe! Paja hili, kwa nje, juu ya nguo hiyohiyo! Kandamiza mpaka isikike kah! Usitoe, hesabu pole pole! Mgonjwa alale, miguu juu, mbio hospitali!" Kisha akajiangusha juu ya furushi la sketi, ulimi nje, miguu hewani. Karakana nzima ikabomoka kwa kicheko. Bwana Kesho alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Tangu hapo mchezo huo ukawa wa kila wiki. Akija mfanyakazi mgeni, anaonyeshwa. Na Bi Vifungo akilalamika, wifi anamwekea mkono begani.

"Acha kudeka, wifi. Mdudu mwenyewe hafiki hata kifungo cha shati!"

Alimshitakia mumewe, naye akasema, "Si unamjua dada." Ndiyo, alimjua. Alimjua vizuri mno, na kumjua hakukumpunguzia chochote.

Shule zikakaribia kufunguliwa. Karakana ikajaa marundo ya sare, hata njia ya kupita kati ya mashine ikawa ya kupenya kwa ubavu. Asubuhi hiyo alikuja mwalimu mkuu wa shule moja kuchukua oda yake, akaambiwa iko kwenye vifungo. Akaenda kuhakikisha mwenyewe, akainama dirishani. Nyigu akatua juu ya upara wake na kumchoma.

Yule mzee alipiga ukelele, akasugua kichwa, akatoka akifoka kwamba oda yake ataipeleka kwingine. Kichwani palitokea uvimbe wa mviringo, basi. Mpaka mchana, walisema waliomwona, alikuwa akisimulia na kucheka.

Bwana Kesho hakucheka. Alisimama, akatazama juu kwenye bati, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kesho. Bi Vifungo aliliona hilo, na badala ya kufurahi, uchungu ulimpanda. Yeye aliomba tangu kiota kikiwa kifuniko cha chupa. Aliomba kwa upole, akaomba kwa machozi. Kumbe alichokosa ni upara wa mteja.

Sasa, mtu mwingine yeyote angengoja jioni nyigu watulie, akawafukiza kwa moshi. Bwana Kesho alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani tatizo analishonea. Alipanda ngazi na tepu akapima kiota kwa mbali, mzingo na kina. Akakata mabaki ya bitana, akashona mfuko wa kukivalisha, mdomoni akapitisha kamba ya kuvuta. Na kwa kuwa ulikuwa wa kutupwa, upande mmoja hakuupitisha mashine. Aliupiga bandi tu kwa mkono, mishono mirefu ya haraka, ile ambayo hata suruali ya kujaribia ikipigwa hivyo huwezi kukaa nayo.

"Bi Vifungo, ile kesho yako ndiyo leo!" alisema akipanda ngazi kwa mbwembwe.

"Fundi, ngoja! Ngoja nitoke kwanza."

"Kaa hapo hapo umalizie mashati. Humu hatoki hata mmoja."

"Fundi, nakuomba kwa jina la Mungu, ngoja nitoke!"

"Acha kudeka, wifi!" ilikuja sauti kutoka mlangoni, na watu wakacheka.

Bi Vifungo alikuwa ameshasimama, mkoba mkononi, anapenya kati ya marundo. Nyuma yake alisikia kamba ikivutwa, akasikia fundi akisema "Tayari," halafu akasikia bitana ikichanika pale penye bandi. Rundo la sketi lilimwangukia miguuni, mkoba ukamtoka. Akachomwa shingoni, chini ya sikio. Mara moja tu.

Watu walikuwa wakikimbia na kupiga vitambaa hewani. Walipomwona amekaa sakafuni wakamzunguka, na kila mtu alikuja na dawa yake. Mmoja alitaka kitunguu, mwingine sabuni ya kufulia, mwingine alishika pini atoe mwiba, wakati nyigu haachi mwiba. Bi Vifungo alijaribu kuwaambia waache mambo hayo na watafute mkoba. Viganja vilikuwa vinawasha kama mara ile. Ulimi ulikuwa umeanza kujaa mdomoni, maneno hayatoki sawa. Alichokisikia moyoni, kabla hata ya woga, ni hasira. Alikuwa anakufa kati ya watu aliowaeleza kila kitu.

Wifi alikuja wa mwisho, bado ana tabasamu. "Wifi, acha..." Akaiona ile midomo.

Hakumaliza maneno. Aliwasukuma watu, akatumbukiza mikono kwenye rundo la sketi mpaka akauvuta mkoba, akaumwaga wote chini, akanyakua kifuko chekundu. Akaishika kalamu ngumini. Kisha akaanza, kwa ile sauti ya puani, maana alijifunza hivyo na hakujua njia nyingine.

"Kifuniko, nje! Kidole usiweke mwisho! Paja hili, kwa nje, juu ya nguo hiyohiyo! Kandamiza!" Ikalia kah. "Usitoe. Hesabu pole pole." Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, na bado alikuwa akiigiza. Hakuna aliyecheka. "Alale, miguu juu, mbio hospitali! Nyinyi mmesimama nini? Mbio!"

Kwa hiyo Bi Vifungo hakufa. Alilazwa wamtazame, maana hali hiyo huweza kurudi. Pumzi ilifunguka mapema, ila midomo na ulimi vilikawia kupungua, na ndiyo maana alilazimika kulala kimya akisikiliza sauti ya wifi yake ukumbini, akimsimulia muuguzi.

"Mimi nimesema, dada! Kila siku nasema kile kiota kitaua mtu. Na mimi ndiye niliyewafundisha wote jinsi ya kutumia ile sindano."

Bi Vifungo alitaka kuinuka. Alitaka kupiga kelele hospitali nzima imsikie. Lakini alijua kwamba lile la pili lilikuwa kweli tupu, na kwamba tangu leo hata hasira yake hataweza kuwa nayo yote. Hilo nalo lilimkera.

Wifi alipoingia, alikaa kwenye kiti akimwangalia miguu. Baadaye Bi Vifungo akaweza kusema, kwa ulimi mzito.

"Kiota?"

"Kipo. Mfuko umening'inia pembeni yake."

"Atakitoa lini?"

Wifi alitazama sakafu. "Amesema kesho."

Wakatazamana. Wifi akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akatoka bila kuaga.

Alirudi jua likizama. Nywele zilinuka moshi wa matambara, jicho moja limefumba kwa uvimbe, mkono wa kulia umeumuka mpaka pete haizunguki. Akasimama penye kitanda akipumua kwa nguvu.

"Nimekichoma. Chote. Mpaka ule mfuko." Akauinua ule mkono. "Lakini wamenipata, wifi. Inauma! Mungu wangu, sikujua kama inauma hivi."

Bi Vifungo aliuangalia mkono ule, akaliangalia na jicho, akahakikisha kwamba pumzi inaingia bila mluzi na mabaka hayapo mwilini.

"Acha kudeka," alisema, kisha akasogeza miguu ili wifi yake apate pa kukaa.