Mtungi Uliokuwa Ukijijaza

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Hasamba wenzangu huenda Tunduma kuuza maharage wakarudi na vitenge na habari. Mimi nikifika Mpemba tu, kabla hata ya Tunduma, naanza kuulizia gari la kurudi. Kwa hiyo jambo la ajabu likitokea jikoni kwangu, sina pa kulikimbilia.

Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa akivimba tumbo, miguu imebaki vijiti. Zahanati walimpa dawa, akatoa minyoo ambayo siielezi, huenda mnakula. Muuguzi akasema nichemshe maji yote ya kunywa. Nikachemsha. Nikawa nayamimina mtungini, nafunika kwa sahani, jiwe juu. Baada ya wiki chache tumbo likaanza kupanda tena.

Na mtungi nao ukawa unapanda. Nauacha nusu asubuhi, naenda shambani nyuma ya nyumba. Nikirudi, ukungu umefika mlangoni na maji yamefika shingoni. Sahani mahali pake. Jiwe mahali pake. Sekondari nilichora maisha ya minyoo kwa penseli za rangi, lakini maji yanayozaana hatukufundishwa. Nikaanza kuuaga mtungi kila nikitoka, kwa adabu, kama mtu aliyenizidi umri.

Siku moja sikwenda shambani. Nilijibanza nyuma ya magunia ya mahindi. Kimya, hata kuku hawakulia. Kisha minong'ono ya Kinyiha, chini chini, ikisogea. Aliyeingia alikuwa mama mkwe, na ndoo ya maji ya kisimani mkononi. Akaondoa jiwe, akaunong'oneza mtungi, akamimina.

"Mama!"

"Toka huko, panya wewe! Unataka nife?"

"Unafanya nini?"

"Unayaua maji kila siku, halafu unamnywesha mjukuu wangu maiti. Nayarudishia pumzi. Huoni anavyokwisha?"

Alikuwa analia. Hasira niliyoiandaa ikakosa pa kukaa.

"Basi yape pumzi kabla sijayachemsha," nikasema. "Moto unaua minyoo. Pumzi hauiwezi."

"Mlisoma hivyo?"

"Kidato cha tatu," nikajibu, Mungu anisamehe.

Sasa kila asubuhi mama mkwe huinamia sufuria ya maji mabichi, hunong'ona, ndipo nawasha kuni. Mtoto amerudia dawa, tumbo limeshuka. Ila maji yakianza kuchemka mimi husogea mlangoni. Mama mkwe huwa amekwisha kunyamaza, lakini mle ndani ya sufuria mazungumzo bado yanaendelea.