Skrini Kubwa Kuliko ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu huisoma namba ya basi kabla halijakata kona. Mimi, niliyenyonya naye ziwa moja, navaa miwani mizito tangu tukiwa kwetu Bukavu, kabla ya kuja huku ng’ambo, na namba naiona basi likishanipita. Hilo nilikuwa nimeshamsamehe. Lakini aliponunua skrini mpya ya kuchezea mpira wa kwenye kompyuta, na binti yangu akaanza kuulizia Jumapili tangu Jumatano, roho iliniuma kweli.

Yeye na mkewe hawajajaliwa mtoto. Kila tulipotoka misa tulikwenda kwao, mtaa wa Ixelles, na shemeji alinionyesha kiti kikubwa cha mikono, kile cha mwisho kabisa karibu na dirisha, kwa sababu kaka mkubwa hakalishwi kwenye zulia. Nilikaa huko na heshima zangu zote, manette ya kuchezea mkononi, vidole kwenye vitufe vyake, nikiutafuta mpira. Mdogo wangu na binti yangu walikaa chini, pua zikikaribia kugusa skrini, wakicheka. Mdogo wangu alinifunga mpaka akaanza kunionea huruma. Kisha binti yangu akaomba kuwa timu moja na tonton, baba yake mdogo. Nilitabasamu, ila ndani nilikuwa nachemka.

Nikaamua kununua yangu. Dukani nilijua jambo moja tu: iwe kubwa kuliko ya mdogo wangu. Muuzaji, mama wa makamo mwenye subira, alinieleza kwamba kwa macho kama yangu ukubwa peke yake hausaidii. Nitazame mwanga usiochezacheza, picha iliyo kali, na mguu unaoweza kuisogeza skrini karibu na uso. Akanionyesha moja ya wastani, akaniuliza huwa nakaa umbali gani. Nikamjibu kwamba nakaa kwenye kiti changu, nikanyoosha kidole kwenye ile iliyopinda, pana kama kitanda cha mtoto. Niliipeleka nyumbani Molenbeek kwa metro nimeikumbatia, watu wakinipisha, na nilifurahia sana kupishwa.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu na mkewe wakaja kwetu. Mdogo wangu aliisifu skrini kwa moyo mweupe, jambo lililonikera, maana nilitaka imuume. Nikaketi kwenye kiti changu, ukutani kabisa, nyuma ya meza ya chakula. Alinifunga, akanifunga tena. Mpira ulikuwa umekua, na bado sikujua uko wapi.

Binti yangu, aliyekaa na tonton wake kwenye zulia mbele ya skrini, aligeuka akanitazama nilivyokodoa macho.

“Papa, ile fauteuil iko mbali. Shuka, ikala huku na sisi.”

Mdogo wangu akamkatiza. “Hapana. Papa yako ni mukubwa. Mukubwa haikalake chini.”

“Alors ataona namna gani?”

Niliona aibu kwanza, kisha nikashuka, magoti yakilalamika, nikakaa kwenye zulia. Mdogo wangu, ambaye hawezi kukaa sawa na mkubwa wake, hakujua aende wapi, nikamwambia apande kwenye kiti changu.

Pale chini niliona vitu ambavyo sikuwahi kuviona: namba migongoni, nyasi, hata kivuli cha mpira. Skrini ilikuwa kubwa mno kwa karibu vile, ikanibidi kugeuza shingo huku na huku, na nikamkumbuka yule mama wa dukani. Binti yangu akahamia timu yangu bila kuulizwa. Akaniegemea begani, akawa ananinong’oneza wapi nipige. Nikapiga. Mpira ukaingia, naye akanirukia shingoni hadi miwani ikaanguka.

Niliiokota, nikaivaa, nikageuka haraka ili nimwone mdogo wangu akiumia. Alikuwa kule ukutani, mbali, manette imelala mapajani. Hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anatazama mikono ya binti yangu shingoni mwangu, na anatabasamu. Tabasamu lile nililifahamu. Jumapili zote zile nilikuwa nimelivaa mimi.