Zisi Anataka Kusikika

Zisi hukama kondoo mwaka mzima, na kwenye sherehe za kijiji chetu hupiga gitaa. Miaka ishirini anapiga, na sijui mtu aliyewahi kumsikia. Klarineti ya Thomai, kiongozi wa bendi, humeza kila kitu. Mwaka huu Thomai akamwambia waziwazi: gitaa lisiposikika sikukuu ya Bikira Maria, nafasi yake anapewa mwingine.

Akaja kwangu mbio. "Fundi, nitilie kinasa sauti, gitaa litokee kwenye spika. Wakinitoa kwenye bendi, mimi ni nani? Mkama kondoo tu!"

Kazi yenyewe ndogo. Kinasa chenyewe ni kiutepe chembamba; unakilaza chini ya kijifupa kinachobeba nyuzi, na kijifupa unakisugua kidogo kisipande. Nikafanya hivyo, nikaviacha mezani, nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi nikafunga nyuzi, nikachomeka spika. Nne zikanguruma, mbili kimya.

Lo! Nikabadilisha betri. Kimya. Waya, kimya. Nikaazima spika ya kanisani, kimya vilevile.

"Gitaa hili limelogwa?" nikamwuliza Zisi, aliyekuja kulichukua.

"Fundi ni wewe, unaniuliza mimi?"

Nikafungua kila kitu upya, na chini ya kiutepe nikakuta ua kavu, limefanya kijifupa kikae upande.

"Ni la baraka, la Ijumaa Kuu, lilipamba jeneza la Bwana kanisani," akasema Lambrini, mama yake Zisi, aliyekuwa amekaa mlangoni na pai yake ya jibini. "Nilipita ulipokwenda kahawa, nikalitia. Nilitaka mwanangu asiaibike."

"Mama, umemziba mdomo!" nikamwambia.

"Usinifokee, wewe nimekufunga nepi!"

Akalichukua ua lake, akanuna. Nikafunga tena nyuzi, na zote sita zikaitika. Zisi alinibusu mashavu yote mawili, machozi yakimtoka.

Siku ya sikukuu gitaa likatanda uwanja mzima. Duara la wachezaji likaanza kujikanyaga, watu wakitazamana, hawajui wafuate mdundo wa gitaa au wa klarineti. Thomai akashusha klarineti.

"Zisi, wimbo huu huujui?"

"Nimeupiga miaka ishirini! Mbona hamkuniambia nakosea?"

"Tulikuwa hatukusikii."

Zisi akanitazama mimi. Nikakosa pa kuuweka uso wangu; sikujua hata kama nimwombe radhi, na kwa kosa gani. Akainama, akachomoa waya mwenyewe, akaendelea kupiga.