Neno Nadhari na Wanja wa Mwanangu

Binti yangu alifariki kwa homa hapa Msambweni, kabla hajatimiza mwaka. Matangani, jirani yetu Muhindi, muuza vitambaa, alininong'oneza kuwa ni nazar, yaani jicho la hasidi. Ustadhi akasema kwa Kiarabu neno hilo ni kutazama tu, na ndilo lililotuzalia nadhari, kupima jambo kabla ya kulinena. Laiti wakwe zangu wangekuwa nayo! Walisema, huku nikisikia, kwamba sikumpaka mtoto wanja kwenye kipaji kumkinga na macho ya watu. Nilimpaka kila asubuhi, wallahi. Na kama kutazama kunaua, basi wasihangaike kumtafuta hasidi. Hakuna aliyemtazama mwanangu kuliko mimi.