Darubini Yenye Mikwaruzo

Ardis Kolstad amekuwa akinunua na kuuza matandiko ya farasi yaliyotumika kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na katika Wyoming nzima hakuna aliyewahi kumuuzia kitu kwa bei ya kwanza. Lakini asubuhi ile, aliposukuma mlango wa duka la bunduki la Orval Tveit, viganja vyake vililowa jasho. Akavificha mifukoni. Muuzaji akikuona unatetemeka, ameshakula.

Tangu nywele zake zikiwa nyeusi alikuwa akiomba kibali cha kuwinda kondoo dume wa milimani, wale wenye pembe zilizojikunja. Kila mwaka bahati nasibu ikichezeshwa, linatoka jina la mtu mwingine. Mwaka huu likatoka lake, na ukishapata kibali hicho hupewi tena. Kondoo mmoja, msimu mmoja, basi. Na hao wanyama hukaa kwenye majabali, wanakuona ungali bondeni, kwa hiyo angelazimika kupiga kwa mbali, yadi mia nne au zaidi. Darubini iliyokuwa juu ya bunduki yake ilikwisha ingia ukungu.

Kilichomkosesha usingizi hakikuwa kukosa. Alihofia kumjeruhi, mnyama akimbilie kwenye ufa wa mwamba na kufia huko. Katika ukoo wao, aliyemwaga damu amekwisha winda, apate nyama asipate. Baba yake aliishika desturi hiyo, na yeye hakuwa tayari kuivunja.

"Karibu, bibie!" Orval aliita kutoka nyuma ya kaunta. "Nasikia umeokota dodo."

"Dodo lenyewe lina miiba. Nitolee darubini za dola mia tatu na hamsini kushuka chini."

"Kwa hela hiyo utapata ya kuchungulia majirani."

"Majirani nimeshawaona, hawana jipya. Toa."

Lyle, mume wa dada yake, ambaye ndiye angefuatana naye mlimani na farasi wake, alikuwa ameshaidaka mpya inayong'aa na kuelekeza dirishani. "Shemeji, hii hapa! Inakuza mara ishirini na tano! Naona mpaka kupe kwenye sikio la ng'ombe ng'ambo ya barabara."

"Nakwenda kumpiga kondoo, Lyle, sio kumtoa kupe."

Kando yake ilikuwapo ya pili, ya mtumba, ganda lote mikwaruzo, inakuza mara kumi na nne tu. Orval aliitajia mia nne na ishirini. Ya tatu ilikuwa na bei ambayo Ardis hakutaka hata kuisikia, ingawa hiyo ndiyo pekee yenye kizuizi cha sifuri, kipande cha chuma kinachozuia kizungushio cha juu kisishuke chini ya sifuri yako, yaani pale ulipoilinganisha bunduki.

Kizungushio ndicho kilichomleta. Risasi ikienda mbali hushuka, kwa hiyo mpigaji hukizungusha kufikia namba ya umbali ule, kisha akishapiga anakirudisha kwenye sifuri. Kikidanganya hicho, ukubwa wa picha haukusaidii kitu.

"Una jiriwa?" aliuliza.

"Ninayo, lakini..."

"Lete."

Akaibana ile mpya kwenye jiriwa, juu ya meza iliyotazama dirisha, akaulenga msalaba wa ndani ya kioo chake kwenye msumari wa uzio wa mbali. Akazungusha kupanda, ti-ti-ti-ti, akarudisha hesabu ileile. Msalaba ukasimama pembeni mwa msumari. Akarudia. Safari hii ukasimama pengine kabisa.

"Umeitikisa meza," Orval alisema.

"Mimi? Basi njoo utikise wewe."

Orval akajaribu mwenyewe, msalaba ukahama vilevile, akaiondoa. Ile ya mikwaruzo ilipanda na kushuka, na kila mara msalaba ulitua palepale juu ya msumari. Moyo wa Ardis ukaruka. Uso wake haukuonyesha lolote.

"Sura mbaya," alisema, akiipangusa kama mtu aliyekerwa. "Na haina kizuizi. Nani atainunua hii?"

"Wewe. Mia nne."

"Mia tatu, na bangili zake za kuifungia kwenye bunduki."

"Unataka watoto wangu wale majani?"

"Watoto wako wanaendesha pikapu mpya, Orval. Mia tatu na ishirini." Akavaa kofia, akaanza kuelekea mlangoni.

"Rudi hapa, we mama!"

Nyumbani akatengeneza kizuizi chake. Alikata pete kutoka kwenye dumu la maziwa, akazipanga chini ya kizungushio hadi kikakwama penye sifuri. Akafanya mazoezi kwenye mawe wiki baada ya wiki, na kabla ya kila risasi alifuata utaratibu mmoja: shusha mpaka kikwame, ndipo uhesabu kupanda. Darubini haikumwangusha. Hata hivyo hofu haikumtoka. Kila wingu lililopita juu ya milima lilimfanya ahesabu siku za msimu zilizobaki.

Siku za mwisho mwisho waliwaona madume watatu chini ya ukingo wa jabali. Theluji ilikwisha anza kudondoka. Ardis akalala kifudifudi, bunduki juu ya mkoba, pumzi juu juu. Lyle akaangalia kipima umbali chake.

"Mia nne na thelathini. Huyo wa kulia, shemeji. Haraka, wanaanza kuondoka!"

Akatupia jicho kizungushio. Kilikuwa kwenye sifuri. Akahesabu kupanda kutoka hapo, akavuta pumzi, akafyatua.

Vumbi liliruka jabalini, juu ya mgongo wa dume kwa zaidi ya kimo cha mtoto.

"Juu! Juu sana!" Lyle alinong'ona kwa ukali. "Nilikwambia! Nilikwambia ununue ile mpya!"

Madume walisimama wakigeuza vichwa, hawakujua mlio ulitoka wapi. Hawangesimama sana. Ardis akatamani kushusha tu shabaha kwa kukisia, na hapohapo akamwona akilini yule dume akichechemea kuelekea kwenye ufa wa mwamba, damu nyuma yake. Akaondoa kidole kwenye mtambo.

Akashika kizungushio, akakishusha. Namba zikapita. Sifuri ikapita. Kikaendelea kuzunguka, mzunguko mzima, hadi sifuri ikarudi mara ya pili, ndipo kikakwama kwenye pete za dumu la maziwa.

Hakugeuka. "Lyle. Ule mlio niliousikia jana jioni nilipokwenda kuteka maji, ulipiga na bunduki yangu?"

"Jiwe moja tu, shemeji. Lile la mbali kabisa. Nikairudisha kwenye sifuri, naapa!"

"Umeirudisha kwenye sifuri ya ghorofa ya pili."

Alimkasirikia, lakini alijikasirikia zaidi mwenyewe. Utaratibu alikuwa nao, na akauruka kwa sababu namba ilimpendeza macho. Akahesabu upya kutoka chini, mlio mmoja mmoja, midomo ikicheza. Dume wa kulia akapiga hatua mbili, akasimama ubavu wazi. Ardis akaachia nusu ya pumzi.

Risasi iliondoka. Dume akapiga magoti, akalala, hakuinuka tena. Ufa wa mwamba ulikuwa hatua chache tu mbele ya pua yake.

Ardis alibaki amelala pale, jicho kwenye darubini, mpaka alipohakikisha kwamba dume hatikisiki. Lyle alikwisha simama, akikung'uta theluji magotini na kuikodolea macho ile darubini yenye mikwaruzo.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo asubuhi, "wewe sasa huna kazi nayo tena. Niuzie."

"Mia tano."

"Mia tano! Si ulinunua mia tatu na ishirini, nikiwa nimesimama palepale?"

"Palepale ulipokuwa ukihesabu kupe." Akatoa risasi zilizosalia, akampa kamba ya kufungia nyama. "Pete za maziwa nakuwekea bure. Haya, tangulia, kuna mzigo wa kubeba."